Bahari ya Efeso

Hounslow, London
14 Januari 2024

Shangazi yangu Mkamburi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa karibu na moto, na ile baridi ya Werugha isiwe imekuingia magotini. Mimi afya ninayo, hata ya kugawa.

Shangazi, mtu azunguke London yote, aanzie hapa Hounslow mpaka kule Stratford, hatampata mwenye bahati kama mimi. Unamkumbuka mwalimu wangu wa kidato cha pili, aliyesema nitafika mbali nikibebwa tu? Ukimwona kanisani mwambie nimefika, na sasa mimi ndiye ninayewabeba wengine. Nimepata kazi ya kuongoza mahujaji. Si wa Makka, hao wana wenyewe. Hawa ni wazee wa Kizungu, na weusi wachache, wanaotaka kukanyaga alipokanyaga Paulo. Filipi, Korintho, Efeso, kisiwa cha Patmo, mpaka Rumi. Wenye kampuni walinitazama mara moja tu wakasema huyu ana mikono na ana sauti. Nimepewa koti lenye jina langu kifuani, limeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Haya, rangi ya dhahabu.

Nawapokea hapa hapa uwanja wa ndege. Nawatania kidogo ili wasiogope kuruka. Kuna bibi mmoja aliniuliza kama ndege ni salama, nikamwambia Paulo alipanda meli ikavunjika na bado akafika. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Basi tunaingia, na safari inaanza.

Kasoro ni moja. Nikirudi chumbani sina wa kumsimulia. Mwenye nyumba, Hitesh, Mhindi aliyezaliwa Nakuru, Kiswahili anakijua kuliko mimi, lakini ananiuliza swali moja tu: "Humphrey, takataka umetoa?" Ndege zinapita juu ya paa, moja kila dakika mbili, nami nakaa nazihesabu. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mwanao anayekupenda,
Humphrey

*

Werugha
20 Februari 2024

Mwanangu Humphrey,

Marahaba, baba. Mimi ni mzima, ng'ombe ni mzima, nyumba bado ni kubwa kwa mtu mmoja. Barua yako ilikuja na Mama Majala kutoka posta ya Wundanyi, akanipa huku ameshika kiuno akingoja niifungue.

Umefanya vizuri kuandika. Simu yangu ni hii ya tochi, picha haina, na maneno ya simu yakishasemwa yamekwisha. Barua naisoma kesho, naisoma kesho kutwa. Ila uandike kwa herufi kubwa. Macho yangu siku hizi yanaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati kuna mwanga, pembeni giza. Nikitoka nje ya mstari unisamehe.

Sasa sikia. Kila Alhamisi sisi wanawake wa kanisa tunakutana, na mwaka huu tunafuata safari za Paulo, mji kwa mji. Nikawasomea barua yako. Mama Majala, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, akauliza, "Humphrey yupi, yule aliyekuwa akilala kwenye mahubiri?" Nikamwambia ndiye huyo, na sasa ameamka. Wakapiga makofi.

Wakaniambia nikuombe kitu. Sisi tunasoma majina tu. Korintho kwetu ni jina, Efeso ni jina. Wewe una macho huko. Utueleze mji mmoja kama anayetushika mkono, hatua kwa hatua, ardhi yake na harufu yake. Anza na Efeso.

Unakula vizuri? Hukusema.

Shangazi yako,
Mkamburi

*

Hounslow, London
28 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na wanawake wote wa Alhamisi shikamooni. Mama Majala peke yake nampa mbili. Mimi nakula vizuri sana, usiulize, nakula samaki. Nimeandika herufi kubwa kama za bango la mkutano, hata mbuzi ataweza kusoma.

Haya, shikaneni mikono, tunaingia Efeso.

Kwanza ni jua. Jua la Uturuki si hili la London linaloomba ruhusa kabla ya kutoka. Unaingia kwa mlango wa juu, na mbele yako mji wote umelala kwenye bonde, mawe meupe matupu, kama mtu amemwaga sukari. Paka ni wengi kuliko wageni. Wamelala juu ya nguzo za marumaru kama ndio waliozilipia. Unashuka barabara ya mawe, yamelainika kwa miguu ya watu mpaka yanateleza, kwa hiyo nawaambia wazee wangu, "Polepole jamani, aliyeanguka Efeso hataokotwa mpaka ufufuo."

Katikati ya njia kuna jambo sitalisahau. Nilikuwa na bibi mmoja, mjane wa miaka themanini na sita, miguu imekataa, nikawa namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Akaniambia kuna alama chini, kwenye jiwe, Wakristo wa kwanza waliichonga kwa siri walipokuwa wakiogopa. Ni mviringo, na ndani yake mistari minane inakutana katikati. Ukiitazama ni gurudumu. Alisema ukipitisha kidole mfereji wake bado uko, miaka yote hiyo. Alishika kiganja changu akanichorea humo, mara mbili, ili nisisahau.

Halafu uwanja wa michezo, ule ambao mafundi wa fedha walimfanyia Paulo fujo. Watu elfu ishirini na zaidi wanaenea. Nikasimama chini nikasema "Hodi Efeso," sauti ikapanda mpaka ngazi ya mwisho ikarudi.

Na kutoka hapo, mama zangu, kuna barabara pana imenyooka mpaka bandarini. Unatembea na nguzo kulia na kushoto, na mwisho wa barabara bahari iko miguuni pako. Bluu. Mashua zinachezacheza. Nilivua viatu nikaingia mpaka magotini. Hapo ndipo wazee wa Efeso walipomkumbatia Paulo wakamlilia, na mimi pia nilitokwa na machozi, siwafichi.

Ndani ya bahasha kuna kijiwe. Nimekiokota hapo hapo ufukweni mwa Efeso, kiko laini kwa sababu ya mawimbi. Ni chako, Shangazi. Shika.

Mwanao,
Humphrey

*

Werugha
9 Juni 2024

Mwanangu Humphrey,

Sijambo. Magoti yametulia, moyo umejaa. Kijiwe kimefika. Nilikishika usiku kucha kama mtoto. Alhamisi kilizunguka mkono kwa mkono, wanawake arobaini na tatu, na Jumapili mchungaji akakiweka mezani karibu na maua. Nyanya mmoja wa Mgange alitembea kuja kukigusa.

Nina neno dogo la mwalimu. Wazee wa Efeso hawakuagana na Paulo Efeso. Aliwaita Mileto, ndiko walikolia. Nilipofika hapo niliruka mstari, nisikuaibishe mbele ya Mama Majala. Usome polepole, baba, una haraka kama ulivyokuwa darasa la nne.

Sasa nikueleze jambo la macho. Nilikwenda Voi kwa daktari. Anasema ni presha ya macho, na kile kilichokwishapotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kukaa mwaka, au pungufu. Sikulia. Nilimwuliza, "Daktari, nikitaka kuona kitu kimoja cha mbali, nikione lini?" Akasema nisingoje Krismasi mbili.

Na Mungu ana mipango yake. Jimbo letu linapanga safari ya kuhiji mwezi wa kumi. Kulikuwa na Yerusalemu na kulikuwa na Efeso. Wengi walitaka Yerusalemu. Mimi nikasimama, nikasoma barua yako tena kuanzia paka mpaka bahari. Tulipopiga kura Efeso ilishinda. Walisema hivi: Yerusalemu hatuna mtu, Efeso tuna Humphrey.

Kwa hiyo tunakuja, kumi na wanne. Mwongozaji wa huko anasema Kiingereza tu, na wengi wetu hatumfuati. Wewe utatueleza kwa Kiswahili. Na mimi nataka jambo moja. Unishike mkono kwenye ile barabara pana mpaka majini, nivue viatu, nione bluu yako kabla bomba halijaziba.

Shangazi yako,
Mkamburi

*

Hounslow, London
15 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari ya macho nimeisoma mara tatu. Unatumia zile dawa za matone? Tumia, hata kama zinawasha.

Nimefurahi mnakuja. Nimefurahi sana. Lakini niongee kama mtu wa kazi. Umeifikiria Yerusalemu vizuri? Efeso ni mawe, Shangazi. Ni mawe, na baada ya mawe kuna mawe mengine. Yanateleza, nilikuambia. Oktoba joto linaweza kumchemsha mtu. Chakula chao ni mtindi, wanatia mtindi hata kwenye mambo yasiyohusu. Na wale paka, kwa kweli niliwasifu kupita kiasi, wengine wanang'ata. Yerusalemu pana lifti.

Pia sijui ratiba yangu. Kazi hii ya wakubwa inanirusha leo Rumi, kesho Malta. Naweza kuitwa siku hiyo hiyo. Ningependa usije ukaning'ang'ania mimi, ukakosa uhondo wa Yerusalemu kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata Mileto na Efeso anachanganya.

Dieumerci, Mkongo ninayefanya naye kazi, anasema ana mjomba aliyekwenda Yerusalemu akarudi mnene. Fikiria hilo.

Mwanao,
Humphrey

*

Werugha
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Sijambo. Matone ninatia. Huyo Mkongo msalimie, lakini Yerusalemu atakwenda yeye.

Tiketi zimekatwa. Viza zimetoka. Sare ya bluu na nyeupe nimeipeleka kwa fundi aipunguze, maana nimekonda. Mama Majala ananunua viatu vya mpira kwa sababu ya ule utelezi wako. Kila Alhamisi wananiuliza Humphrey amesemaje. Barua yako ya mwisho sikuwasomea. Niliwaambia unatusalimu na unatuombea.

Humphrey, mimi sikukuzaa. Mama yako alipokufa ulikuwa na miezi saba, nikakufunga mgongoni, na mgongo huu haujakudai kitu. Leo naomba saa moja. Ni Jumatano, tarehe tisa Oktoba, saa nne asubuhi, kwenye lango la ule uwanja wa michezo. Kwa kuwa siwezi kukuona ukiwa pembeni, uje moja kwa moja mbele yangu useme, "Shangazi, ni mimi."

Unijibu kwa neno moja.

Shangazi yako,
Mkamburi

*

Hounslow, London
12 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nitakuwepo.

Mwanao,
Humphrey

*

Werugha
27 Oktoba 2024

Mwanangu Humphrey,

U mzima? Hilo ndilo nililouliza njia nzima, angani na ardhini. Nilimpigia simu yule mwenye nyumba kwenye namba uliyonipa kwa ajili ya dharura. Alisema, "Yupo mama, mzima, yuko kazini, nimemwona asubuhi akitoa takataka." Nikamshukuru Mungu, nikakata. Halafu nikakaa chini.

Nikueleze tulivyokwenda, kwa kuwa wewe hukuwepo.

Tulifika asubuhi. Jua ni kama ulivyosema. Mji umelala kwenye bonde, mweupe, na weupe ndio ninaouona vizuri, kwa hiyo niliuona. Paka wapo. Mama Majala aliteleza mara moja, akasema ulituonya. Nikamwomba binti Mturuki aliyetuongoza anioneshe lile gurudumu kwenye jiwe. Alishangaa ninalijua. Akanipigisha magoti, akanishika kidole, akakiweka kwenye mfereji. Mistari minane. Nilizunguka nalo mara tatu. Humphrey, kila neno ulilosema juu ya gurudumu ni kweli.

Saa nne nikawa langoni. Wenzangu walipanda ngazi, wakasema "Hodi Efeso" kama ulivyowafundisha, sauti ikarudi. Mimi nilibaki. Binti aliniletea kiti. Kila alipokuja mtu mrefu mweusi nilisimama. Nilisimama mara nne. Wa kwanza alikuwa mtalii wa Marekani, wa pili na wa tatu walikuwa askari wa zamu kwenye kivuli. Wa nne nilimwamkua kabisa, nikamwambia, "Umechelewa, baba." Alikuwa nguzo.

Saa sita wakanifuata. Nikasema twende baharini, labda yuko baharini. Binti akauliza bahari gani. Nikamwambia, hii iliyo mwisho wa barabara. Akanichukua mkono, tukatembea mpaka barabara ikaishia.

Hakuna bahari Efeso, Humphrey. Kuna matete. Baada ya matete kuna mashamba. Binti alisema mto uliteremsha matope mwaka baada ya mwaka mpaka bandari ikafa, na bahari ikarudi nyuma kilomita tano na zaidi. Hakuna mtu aliyelowesha miguu pale kwa mamia ya miaka. Nilifikiri ni macho yangu. Nikanusa. Mimi niliolewa Mombasa, nikakaa miaka kumi na miwili, hata kipofu anaijua bahari ikiwa haipo.

Nilikaa kwenye jiwe. Wanawake wakaja, wakanizunguka, Mama Majala akauliza, "Kwani Humphrey yuko wapi?" Walikuwa wananitazama wote kumi na watatu. Nikasema umeitwa Rumi ghafla, kuna askofu mkubwa anataka wewe tu. Wakafurahi, wengine wakapiga vigelegele pale kwenye matete. Nina miaka thelathini na mmoja nafundisha watoto wa kipaimara. Sikuwahi kusema uongo mbele ya kanisa. Nimeusema mahali Paulo alipofungwa mdomo kwa kusema kweli.

Kile kijiwe nilikwenda nacho. Nilitaka ukirudishe majini kwa mkono wako. Maji hayakuwepo, kwa hiyo nimekiacha pale karibu na gurudumu, pembeni, mahali pasipokanyagwa. Sijui ulikiokota wapi. Popote kilipotoka, sasa kiko Efeso. Kuna kitu chako kimoja kimefika.

Sikukasirika. Nilikasirika. Sasa imepoa.

Shangazi yako,
Mkamburi

*

Werugha
15 Desemba 2024

Mpendwa Humphrey,

Shangazi yako anakusalimu. Anayeandika ni mimi, Mama Majala, kwa sababu yeye sasa herufi hazioni tena, hata zile za bango. Anasema na mimi naandika kama anavyosema.

Anasema: Mwanangu, barua yangu ya Oktoba hukuijibu. Alhamisi moja mwezi uliopita nilisimama mbele ya wanawake nikawaambia ile habari ya Rumi na askofu niliitunga mimi, na nikaomba msamaha. Wakanisamehe. Wakauliza, kama hakuwa Rumi alikuwa wapi. Nikawaambia hilo si langu, atalisema mwenyewe. Tangu siku hiyo hawajauliza tena, lakini kila Alhamisi wanaacha kiti wazi na dakika tano mwishoni, wanangoja.

Anasema pia: ujue kwamba barua zako sasa zitasomwa na mtu mwingine kwa sauti. Siwezi kuruka mstari.

Anauliza kama unakula.

Shangazi yako,
Mkamburi, kwa mkono wa Mama Majala

*

Hounslow, London
2 Februari 2025

Shangazi yangu Mkamburi,

Shikamoo. Mama Majala, shikamoo na wewe. Vaa miwani, usome polepole, na usipunguze kitu hata Shangazi akikohoa kukuzuia. Kina mama wa Alhamisi, shikamooni. Mimi afya ninayo.

Barua hii nimeianza mara tisa. Nane ziko kwenye takataka za Hitesh. Moja ilikuwa na ajali, nilijivunja mguu Malta. Nyingine niliugua. Zilikuwa nzuri, mngelia. Nikakumbuka ule mstari wa Mileto, Shangazi, uliouruka ili nisiaibike, na kwamba sasa huwezi.

Kazi yangu nasukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Wazee wasioweza kutembea wanaletwa kwangu, nawaketisha, nabeba mkoba, nawapitisha kwenye ukaguzi, nawafikisha mpaka mlango wa ndege. Hapo anatokea mtu wa ndani anawachukua. Mimi nageuza kiti kitupu narudi nacho. Hapo mlangoni ndipo mbali kuliko kote nilikowahi kufika.

Koti ni kweli, jina kifuani ni kweli. Bibi aliyecheka miwani ikadondoka ni kweli. Yule mjane wa miaka themanini na sita ni kweli pia, ila hatukuwa Efeso. Alikuwa anarudi kutoka Efeso, maana wanaoshuka pia nawasukuma, tulikuwa kwenye foleni ya pasipoti na lifti imeharibika. Tulikaa dakika arobaini. Hakuwa na wa kumpokea, na mimi sikuwa na wa kumsimulia, basi akanipa mimi safari yake yote. Paka, utelezi, sauti inayorudi. Gurudumu alinichorea kweli kiganjani. Bahari hakunitajia. Alisema barabara ya bandari tu, na mimi nikatia bandari maji. Nani angefikiri bandari haina maji.

Ulinipigia mwaka juzi ukauliza nafanya kazi gani, nikasema ya kusafiri. Ulifurahi mpaka nikakusikia ukimwita jirani. Nikaona nikuongezee. Hapa, Shangazi, napishana na watu elfu kwa siku, na wananiita kwa kunyoosha kidole. Kule Werugha wanawake arobaini na tatu walikuwa wananikalia kimya wanisikilize. Ukishapata watu arobaini na tatu, kuwaambia kweli ni kazi.

Kwa nini sikuja. Karatasi zangu za kukaa hapa ziko kwa watu wa uhamiaji tangu mwaka juzi, na pasipoti iko huko huko. Nikitoka kabla hawajajibu, maombi yamekufa na mimi sirudi. Nilijua hivyo nilipoandika "Nitakuwepo". Nilifikiri labda watajibu Septemba.

Tarehe tisa Oktoba nilimwomba msimamizi anipe ndege ya Istanbul. Nilimsukuma mzee mmoja, koti lake kubwa. Saa mbili kamili ya hapa, ambayo ni saa nne yenu ya Efeso, nilikuwa mlangoni. Niliona ndani viti na mwanamke anayegawa magazeti. Yule mtu wa ndani akamchukua mzee, mlango ukafungwa. Niligeuza kiti nikaketi humo mwenyewe, pale kwenye ujia. Dieumerci akaja akanikuta. Akasema, "Toka apo, ndugu, iyo kiti ni ya bagonjwa." Nikamwambia anisukume. Alinitazama kidogo, akanisukuma mpaka mwisho wa ujia, ambako dirisha linaonesha ndege zikiruka. Mjue nilikuwa nimeketi, Shangazi, saa ile ile uliyokuwa umeketi.

Kijiwe nilikiokota nje ya kituo cha basi cha Hounslow. Nilikiosha kwa sabuni ya vyombo. Namwomba radhi nyanya wa Mgange aliyetembea kuja kukigusa. Na wewe uliyekilaza kiganjani usiku kucha, kwako sina hata neno, na unajua mimi maneno huwa hayaniishii.

Uliniuliza mara mbili kama ninakula. Ninakula mkate na maharagwe ya kopo, nimesimama. Samaki sikula.

Shangazi, umeniambia jinsi weupe wa mawe ulivyoonekana, na matete, na jinsi sauti inavyorudi. Sasa nimeyajua kwako. Nikiulizwa na abiria nitasema nilisimuliwa na shangazi yangu aliyefika. Kama macho yamefunga kabisa, nitakuandikia vitu vya hapa, na Mama Majala atakusomea: foleni, lifti iliyoharibika, Hitesh na takataka zake. Si Efeso, lakini vipo.

Nilianza kwa kukwambia hakuna mtu London nzima mwenye bahati kama mimi. Mama Majala, hapa soma kwa sauti, kiti kile kipate mtu wake. Bahati hiyo haikuwepo. Mimi siongozi mahujaji. Efeso sijafika hata siku moja.

Mwanao,
Humphrey